Maswali na Majibu: Injini Kubwa Ndani ya Boneti Ndogo

Tangu nilipoandika kuhusu utunzaji wa Land Rover za zamani, wasomaji wengi wa Tabora na Kigoma wameniuliza jambo moja kwa namna tofauti: injini ya awali imechoka, kuna nyingine yenye nguvu zaidi, je, itaingia? Nimechagua maswali matano kati ya hayo.

Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, niliyoachiwa na marehemu baba. Nimepata injini ya Land Cruiser, 1HZ, kwa bei nzuri. Je, nafasi itatosha? (Msomaji, Ipuli, Tabora)

Marahaba, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nakuomba usiinunue injini hiyo. Gari lako lilitoka kiwandani na injini ya silenda 4 yenye cc 2,286, na 1HZ ina silenda 6 zilizopangwa kwa mstari mmoja, cc 4,164. Kinachokukwaza hapo ni urefu kuliko ujazo, kwa sababu silenda mbili za ziada lazima zikae mahali fulani, na mbele yako kuna rejeta wakati nyuma yako kuna ukuta wa kabini. Kiwanda chenyewe kilipoamua kufunga injini ya silenda 6 ya cc 2,625, kiliifunga kwenye gari refu la inchi 109, na 88 ikabaki na silenda 4. Ukilazimisha, utaukata ukuta au utaisukuma rejeta hadi nje ya uso wa gari, kisha uzito wote ule utaangukia springi za mbele ambazo hazikutengenezwa kuubeba.

Tafuta injini ya silenda 4. Toyota 3L ya cc 2,779 na Isuzu 4JB1 ya cc 2,771 zinafaa, ingawa zote mbili zitahitaji bamba la kuziunganisha na giaboksi yako. Kama utaagiza 3L kutoka Dar es Salaam, uliza kwanza ilitolewa kwenye gari gani, kwa kuwa injini hiyo ilifungwa kwenye Hilux na kwenye Hiace pia, na sampu zake, yaani mabakuli ya oili chini ya injini, hazifanani. Agiza ije na sampu, starta, altaneta na vishikio vyote vya mauntini, zile raba zinazobeba injini, maana kipande kimoja kilichosahaulika kinaweza kulisimamisha gari kwa mwezi mzima.

Sampu ndiyo ninayotaka uifikirie kuliko kitu kingine chochote. Wengi hupima juu, wakaona boneti inafunga, wakaridhika, bila kukumbuka kwamba ekseli ya mbele hupanda kila gurudumu linapoingia shimoni, na kwamba kwenye gari lako difu ya mbele, ile tufe la gia katika ekseli, imekaa upande wa kulia, chini kabisa ya injini. Niliwahi kuletewa gari la aina hiyo lililofungwa injini kwenye gereji nyingine. Mjini lilikwenda vizuri kabisa, lakini liliporudi kutoka Urambo lilikuwa likiacha mstari wa oili barabarani. Tulipolinyanyua tukakuta kwenye sampu kibonyo cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na katikati yake ufa mwembamba kama uzi. Juu ya difu, mahali palipolingana na kibonyo hicho, rangi ilikuwa imechubuka hadi chuma kikaonekana.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomelea mauntini moja kwa moja, iweke injini kwa kuining'iniza kwenye chenibloki na kuishikiza kwa vipande vya muda. Punguza majani ya springi libaki jani kuu. Chukua tonge la udongo wa mfinyanzi, unene wa vidole vitatu, lifunge kwa nailoni ili lisigande, ulibandike juu ya difu, kisha inua ekseli kwa jeki mpaka ekseli igote kwenye mpira wa kugotea ulio chini ya chasisi. Ishushe, kata tonge kwa wembe na upime unene uliobaki. Mimi nikiona chini ya milimita 25 sifungi. Sampu inaweza kukatwa na kuchomelewa upya ili kina chake kihamie nyuma, lakini bomba la kunyonyea oili lazima lihame pamoja nacho, la sivyo kwenye mteremko injini itanyonya hewa badala ya oili.

Mwisho, ingiza mkono. Kama huwezi kufungua filta ya oili, starta na nati za eksozi injini ikiwa mahali pake, nafasi haijatosha, hata kama hakuna chuma kinachogusa chuma.

Nikibadilisha injini, kadi ya gari inaathirika? (Msomaji, Nzega)

Ndiyo. Kadi ina namba ya injini pamoja na ujazo wake, hivyo mabadiliko yapelekwe TRA yaandikwe, na risiti ya ununuzi wa injini itunzwe. Mjulishe pia wakala wako wa bima. Gari likaguliwe na mkaguzi wa polisi, na kabla hujalipeleka, tazama breki: Land Rover ya 88 ina ngoma za inchi 10, ilhali ya 109 ina za inchi 11, na ngoma za 109 ni nyongeza ya busara kwa gari fupi lililoongezewa nguvu.

Nimefunga 200Tdi, injini ya dizeli ya Land Rover Discovery, kwenye 109 yangu. Inavuta vizuri, lakini kwenye barabara ya lami inalia sana na naogopa giaboksi. Nibadilishe difu? (Msomaji, Ujiji)

Ulichagua vizuri, kwa kuwa 200Tdi inatokana na ukoo wa injini za Land Rover za zamani na hukubali giaboksi ya Series kwa marekebisho madogo. Turbo ya Discovery imekaa chini na hugombana na chasisi. Kama eksozi yako imebanwa hapo, tafuta manifoldi (bomba la kukusanya moshi) ya Defender, ambayo turbo yake iko juu.

Hofu yako kuhusu giaboksi ni ya haki. Injini ya zamani ya petroli ilitoa msukumo wa takriban Nm 160, na hii inatoa 265. Giaboksi itadumu kama hutakanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa gia ya kwanza na ya pili, hasa kwenye mchanga. Nyuma una bahati, kwa sababu 109 za Series III zilipewa ekseli ya Salisbury iliyo imara, wakati gari fupi lina ekseli nyembamba zinazokatika.

Makelele yanatokana na uwiano wa difu, ambao ni 4.7 kwa 1. Uwiano wa 3.54 utaituliza injini, ila difu ya Discovery itaingia mbele tu. Nyuma utahitaji Salisbury ya 3.54, kama ile ya Land Rover 110. Zote mbili zibadilishwe siku moja, kwani uwiano wa mbele na wa nyuma ukitofautiana, ukiweka four-wheel utavunja kitu. Kumbuka pia kwamba spidi mita ya zamani itadanganya: ikionyesha 60, utakuwa unakaribia 80.

Baada ya kufunga injini kubwa, gari linachemka nikipanda kutoka Mwandiga kuelekea Kasulu, ingawa tambarare halichemki. Fundi ametoa temostati lakini bado. (Msomaji, Kigoma mjini)

Rudisha temostati, ile vali inayodhibiti joto la maji ya injini, leo. Kuitoa ni mazoea mabaya yaliyoenea katika gereji zetu. Bila temostati injini hufanya kazi ikiwa baridi mno katika safari fupi, na mlimani haikusaidii chochote.

Gari linalochemka mlimani peke yake linakosa upepo, kwa kuwa mwendo ni mdogo na kazi ya injini ni kubwa. Katika boneti iliyobanwa, feni ya asili mara nyingi huondolewa ili injini ipate nafasi, ikawekwa feni ndogo ya umeme isiyo na kava. Feni bila kava hupoza duara lake tu, na pembe za rejeta hubaki moto. Tengeneza kava la bati linalofunika rejeta yote, kisha ziba kwa mpira mianya ya pembeni ambayo upepo unapita bila kugusa rejeta. Angalia pia upepo moto unapitia wapi kutoka nje. Injini pana inapojaza nafasi yote, hewa hukwama ndani.

Jambo la pili ni kimo. Kama silenda hedi sasa iko juu kuliko rejeta, hewa hujikusanya humo na maji hayafiki. Weka chupa ya maji mahali palipo juu kuliko vyote, ukiiunganisha kwa mpira na hedi. Usijaze maji ya ziwa: maji ya Tanganyika yana magadi na madini, na huacha ukoko katika mirija. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa madini, au walau maji safi ya mvua.

Je, Peugeot 504 inaweza kukubali injini ya Toyota? (Msomaji, Tabora)

Inaweza, lakini sikushauri, nami nasema hivyo kwa kulipenda gari hilo, lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 kwenye barabara mbaya kuliko zetu. Ndani ya saluni ya 504 propela huzunguka ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa giaboksi na difu, kwa hiyo ukibadilisha injini na giaboksi yake, mfumo wote hadi magurudumu ya nyuma unapoteza mshikizo wake. Kama yako ni ya cc 1,796, tafuta ya cc 1,971 ya Peugeot yenyewe: ni ya ukoo uleule na hulala kwa pembe ileile ya nyuzi 45, hivyo itakaa kwenye mauntini zilizopo bila kukata chochote.