Thairoidi Inapozidi, Damu Hugandaje?

SWALI: Daktari, naomba ufafanuzi. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 54, amegundulika kuwa tezi yake ya thairoidi inafanya kazi kupita kiasi. Hata mwezi haujaisha tangu aanze karbimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi hiyo, mguu wake wa kushoto ulivimba, na ultrasaundi ikaonyesha donge la damu kwenye mshipa wa paja. Sasa anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lakini kila akirudi kliniki dozi inabadilishwa. Tezi ya shingoni inahusiana vipi na damu ya mguuni, na mbona dozi haitulii?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuuguza. Uhusiano upo. Mwili una kazi mbili juu ya damu: kuigandisha pale mshipa unapojeruhiwa, kisha kuliyeyusha donge likishamaliza kazi yake. Homoni za thairoidi zikizidi huathiri kazi zote mbili, tena kwa kuelemea upande wa kuganda. Viwango vya faktari ya VIII (mojawapo ya protini zinazogandisha damu) na vya protini ya von Willebrand, inayotoka kwenye kuta za mishipa, hupanda. Fibrinojeni, ambayo ndiyo hugeuka kuwa nyuzi za donge, nayo huongezeka. Wakati huohuo huzidi protini iitwayo PAI-1, ambayo huzuia kuundwa kwa plazmini, kimeng'enya kinachokata nyuzi hizo. Hivyo donge hujengeka kwa urahisi na huchelewa kuyeyuka.

Hata hivyo, nisingependa tezi ibebeshwe lawama yote. Mara nyingi huwapo na chanzo kingine, kama vile kulala kitandani muda mrefu, upasuaji, dawa zenye estrojeni au saratani, na daktari wa mama hana budi kuviulizia hivyo pia. Moyo nao uchunguzwe kwa ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kwa kuwa thairoidi iliyozidi inaweza kuufanya upige bila mpangilio, damu ikatuama katika chumba chake cha juu na kuganda, na donge la huko likikatika huweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Ama kuhusu dozi, hapo ndipo wagonjwa wengi huchanganyikiwa, na wengine hudhani kliniki inabahatisha. Warfarini hulizuia ini kutengeneza faktari zinazohitaji vitamini K, yaani ya II, ya VII, ya IX na ya X. Mwili wenye homoni nyingi za thairoidi huzivunja faktari hizo haraka kuliko kawaida, kwa hiyo hata dozi ndogo huweza kupandisha INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda) kupita lengo, ambalo kwa donge la mguuni ni kati ya 2 na 3. Karbimazoli ikishika, jambo linaloweza kuchukua wiki 4 hadi 8, kasi hiyo hupungua, INR hushuka, na dozi iliyokuwa ikitosha inakuwa haitoshi tena. Kubadilisha dozi katika kipindi hiki ni dalili ya uangalizi mzuri, na vipimo vya INR vinapaswa kuwa vya karibu karibu mpaka homoni zitulie.

Mama asiache mchicha wala kisamvu, ila kiasi anachokula kisipishane sana wiki hadi wiki, maana mboga hizo zina vitamini K nyingi. Asitumie aspirini, diklofenaki wala dawa za mitishamba bila kumwuliza daktari. Karbimazoli asiiache kwa sababu tu moyo umeacha kwenda mbio. Akiiacha, hesabu ya warfarini itavurugika upya, safari hii kwa kuelekea kutokwa na damu. Warfarini yenyewe kwa kawaida hutumika angalau miezi 3.

Akipata choo cheusi kama lami, damu isiyokoma puani, pumzi kubana ghafla, au mdomo kupinda na mkono kuishiwa nguvu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akiwa na daftari lake la INR pamoja na dawa zote anazotumia.