BCG ya kibofu: mambo ambayo anayeuguza anapaswa kuyajua

Kama una mgonjwa aliyeandikiwa BCG kwa saratani ya kibofu, mweleze mapema kwamba hiyo siyo kemo. Ni bakteria hai wa chanjo ya kifua kikuu, ile wanayochomwa watoto wachanga, ila dozi ya kibofu ni kubwa mara nyingi zaidi. Bakteria hao hujishikiza kwenye ukuta wa kibofu, kinga ya mwili inakuja juu, na katika vurugu hiyo seli za saratani nazo zinashambuliwa. Alvaro Morales alichapisha matokeo ya wagonjwa wake wa kwanza nchini Canada mwaka 1976.

Inawafaa wenye saratani ya juujuu, isiyoingia kwenye msuli. Kwa hiyo ulizia majibu ya kinyama kilichokatwa kibofuni kikapimwa: saratani inayotokana na kichocho mara nyingi ni ya aina nyingine, na BCG siyo dawa yake. Daktari ajue pia kama mgonjwa anatumia prednisolone, dawa inayoshusha kinga, au kinga yake iko chini kwa sababu nyingine.

Ratiba ya kuanzia ni mara moja kwa wiki, wiki 6. Dawa inapitishwa kwenye mpira wa mkojo na inatakiwa ikae ndani hadi masaa 2, kwa hiyo asubuhi hiyo asinywe sana. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye mgonjwa wetu, na chai hawaachani. Tulilazimika kuificha chupa. Mkojo ukiwa na damu, au mpira ukiingia kwa kuumiza, dozi iahirishwe.

Kazi kubwa iko chooni. Kwa masaa 6 baada ya dawa akojoe amekaa, mkojo usiruke. Kisha mimina jiki, funika, subiri dakika 15 ndipo umwage maji. Baba mdogo aling'aka, "Nikojoe kama mwanamke?" Mama mdogo akamjibu, "Basi choo utaosha mwenyewe." Akakaa.

Usiku kutakuwa na kuchoma, kukojoa kila mara na homa kidogo. Usikimbilie sipro (antibiotiki ya ciprofloxacin) dukani, inaweza kuwaua bakteria wa dawa yenyewe. Homa ikipita 38.5 au ikizidi siku 2, rudini hospitali, na mseme mlangoni kabisa kwamba amewekewa BCG, la sivyo mtaanza kwa kupimwa malaria.

Halafu, siku ya dozi, pigeni simu famasi ya hospitali kuuliza kama dawa ipo kabla ya kupanda basi. Dawa hii huadimika dunia nzima.