Re: Bakteria wa tope la Mikindani, ni spishi mpya?
Mkuu, hiyo 98.2% ya kufanana na spishi ya karibu inayojulikana, kwa 16S (jeni ya kutambulishia bakteria), uliyoipata kwa bakteria wako wa tope la mikoko inatia moyo, maana kikomo cha siku hizi cha kuhesabu spishi moja ni kama 98.7% na we uko chini yake, ila jina weka pembeni kwanza. Umeshampanda upya kwenye agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya maji chumvi mpaka koloni zote zikafanana? Kama bado usichome hela. Baada ya hapo soma jenomu (DNA yake yote) umlinganishe na ndugu zake wa karibu, ANI (wastani wa kufanana kwa jenomu mbili) ikiwa chini ya 95% na DDH ya kompyuta (makadirio ya jinsi DNA zao zingeungana) chini ya 70% hapo sasa tuongee. Alafu lazima upeleke bakteria hao wakiwa hai kwenye benki mbili za kuhifadhi vijidudu, nchi mbili tofauti, kwahiyo vibali vya kusafirisha anza kuvifukuzia leo