Kuhusu rivolva ya Smith & Wesson isiyo na kitufe ubavuni

Ndugu, umeuliza kwa nini rivolva yako ya Smith & Wesson ya kaliba ya .32 haina kitufe cha kufungulia silinda (sehemu inayozunguka na kubeba risasi); haijapungukiwa na kifaa chochote. Toleo la kwanza la 1896, ambalo ndilo lililoanza kuwa na silinda ya kufunguka pembeni katika kiwanda hicho cha Marekani, halikuwekewa kitufe cha kidole gumba. Silinda huachiwa kwa kuivuta mbele ile fimbo ya kutolea maganda ya risasi, na kizuizi cha silinda, kinachoishikilia isizunguke wakati wa kufyatua, kimo katika sehemu ya juu ya fremu.

Badiliko kubwa, na kwa maoni yangu lililo bora kuliko yote yaliyofuata, lilikuja na muundo wa 1903: kizuizi kilihamishiwa chini ya fremu, kitufe kikawekwa ubavuni, na chini ya mtutu pakaongezwa kinundu kinachoshika ncha ya fimbo, hivyo silinda ikafungwa mbele na nyuma badala ya nyuma pekee. Springi bapa ya nyundo ilidumu muda mrefu zaidi, hadi miaka ya 1950, ilipopisha springi ya waya uliosokotwa. Tafadhali usiilazimishe silinda kwa nguvu. Vuta fimbo kwanza.