Usichome daftari siku ya kuhama

Ndugu uliyeuliza kama uchome maboksi mawili ya mashairi na michoro yako ya sekondari kwa sababu unahamia muzigo, chumba kimoja cha kupanga, hapo Ntinda, Kampala: mimi nilichoma, basi sikiliza ya aliyechoma.

Mwaka 2009 nilikuwa nahama Bwaise. Wanaopajua wanayajua maji ya pale, mvua ikinyesha saa moja tu viatu vinaelea. Boksi langu lilikuwa limeshaloa mara mbili. Nikafungua daftari la kwanza, nikaona aibu. Mashairi guni matupu! Mshororo huu mizani 14, unaofuata 17, vina vya kati havipo, na mapenzi yenyewe ya kuazima kwa washairi wa Mombasa, bahari na mashua tele, mimi mtoto wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambaye bahari sikuwa nimeiona hata kwa mbali. Nikawasha sigiri, jiko la mkaa. Yote yakaungua, chai ikachemka.

Mashairi siyajutii mpaka leo. Ninachojutia ni pembezoni mwa kurasa. Bibi yangu alikuwa Mnubi, na jioni akiimba nyimbo za doluka, ngoma ya Wanubi, nilikuwa naandika pembeni maneno nisiyoyaelewa, pamoja na Kiswahili chake cha sokoni, kile ambacho watu walikibeza kuwa cha askari na wezi. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, wanangu wananiuliza zamani kwetu kilisemwaje. Ushahidi wangu ulichemshia chai. Na bibi keshafariki.

Kwa hiyo acha kujiuliza kama kazi ni nzuri. Jiulize: hiki naweza kukiandika tena leo? Shairi la kuiga unaweza, tena ukalitia vina sawasawa. Litupe bila huruma. Maneno ya marehemu, mchoro wa nyumba iliyokwisha kubomolewa, hata bei ya sukari uliyoiandika nyuma ya jalada, huwezi. Na usiamue siku ileile unayosoma, maana siku hiyo aibu ndiyo huamua. Mimi siku hizi nangoja wiki mbili.

Ya kutupa, yachane kwanza. Rafiki yangu alimpa mama wa karanga daftari zake nzima za kufungia. Mtaa wote ukasoma beti zake kwa binti wa mwenye nyumba, zimekolea chumvi.

Ya kutunza, boksi lisikae sakafuni wala lisiegemee ukuta, mchwa hawana adabu. Lililoloa lianike kivulini, weka gazeti kati ya kurasa. Michoro yako ya penseli haichuji ikiloa. Ya wino wa majimaji ndiyo inayotoka yote, hiyo ipige picha kwa simu kabla mvua za Machi hazijaanza.