Kituo cha data kikija kuwa jirani: wasomaji wanauliza

Swali: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Naivasha. Tangu Mei 2024 tunasikia kwamba Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zitajenga kituo kikubwa cha data pale Olkaria, kitakachoendeshwa kwa umeme wa mvuke wa ardhini. Vijana wanangoja ajira, wafugaji wanahofia maji na malisho, na kila mtu ananiuliza mimi kwa kuwa niliwahi kufundisha sayansi. Huko ambako vituo hivi vimekwisha kujengwa, wenyeji walipata nini? — Mwalimu, Naivasha

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Wanaokuuliza wanastahili kwanza kujua kinachofanyika ndani ya jengo lenyewe, kwa sababu ugomvi wote unaanzia hapo. Kituo cha data ni ghala la kompyuta, maelfu kwa maelfu, zinazofanya kazi usiku na mchana bila kuzimwa. Umeme zinaoutumia huishia kuwa joto, na joto hilo lisipoondolewa mitambo huharibika. Huondolewa ama kwa feni na mashine za kupoza, ambazo hula umeme zaidi na kuvuma saa zote, ama kwa maji yanayoachwa yageuke mvuke na kupotelea hewani. Nje husimama safu ya jenereta za dizeli, zikisubiri siku umeme utakapokatika. Kwa hiyo anayepunguza maji mara nyingi huongeza umeme, na mtu akikwambia kwamba kituo chake hakitumii maji, muulize papo hapo kinatumia megawati ngapi.

Mahali pa kujifunzia ni kaunti ya Loudoun katika jimbo la Virginia, Marekani, ambako mji wa Ashburn na viunga vyake vina msongamano wa vituo vya data usio na mfano duniani. Loudoun imetajirika kweli, na anayesema kwamba vituo hivi ni hasara tupu hajafika huko hata kwa kusoma. Lakini angalia imetajirika kwa njia gani. Si kwa ajira. JLARC, tume ya bunge la Virginia inayokagua kazi za serikali, ilieleza katika ripoti yake ya Desemba 2024 kwamba jengo la kawaida la futi za mraba 250,000 huhitaji watu wapatao 1,500 ujenzi unapopamba moto, na likiisha kujengwa huajiri wapatao 50 tu, karibu nusu yao wakiwa wa mikataba. Utajiri wa Loudoun umetokana na kodi ambayo kaunti yenyewe huitoza kila mwaka juu ya kompyuta zilizomo ndani, mali ya thamani kubwa inayobadilishwa kila baada ya miaka michache.

Hapo ndipo ningependa mkae kitako. Kaunti ya Nakuru, ambamo Naivasha imo, haina mkono wa kufika kwenye kompyuta hizo. Ibara ya 209 ya Katiba ya Kenya inaziruhusu kaunti kutoza kodi za ardhi na majengo na kodi za burudani, pamoja na ada za huduma zinazotoa. Kodi nyingine yoyote inahitaji sheria ya Bunge. Kituo kikiwekwa ndani ya eneo maalumu la kiuchumi, hata kodi ya mapato ya kampuni, ambayo huenda serikali kuu, hushuka hadi asilimia 10 kwa miaka 10 ya mwanzo. Uko mrabaha wa mvuke chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, unaogawanywa asilimia 75 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali, lakini huo ni wa mvuke unaochimbwa, si wa biashara inayofanywa kwa umeme uliotokana nao. Basi anayesimama barazani kusema kwamba Naivasha itakuwa Ashburn ya Afrika ana deni la kueleza fedha zitaingilia mlango gani.

Kuhusu umeme, tangazo la 2024 lilitaja megawati 100 za kuanzia na uwezekano wa kufikia 1,000. Kilele cha matumizi ya nchi nzima ya Kenya mwaka 2025 kilikuwa kati ya megawati 2,300 na 2,500. Megawati 100 zinaweza kupangiwa. 1,000 ni habari ya taifa, haiwezi kuamuliwa kana kwamba ni ya kiwanja kimoja Olkaria. Ireland iliruhusu vituo kimoja kimoja bila kupiga hesabu ya jumla, na mgao wa umeme wake unaokwenda kwenye vituo vya data ukapanda kutoka asilimia 5 mwaka 2015 hadi 21 mwaka 2023, ukazipita nyumba zote za mijini, hata msimamizi wa gridi akafunga mlango kwa maombi mapya ya eneo la Dublin.

Maji ni suala gumu zaidi kwa sababu husemwa kwa kificho. Katika mji mdogo wa The Dalles, jimbo la Oregon, gazeti liliomba kujua vituo vya Google vinatumia maji kiasi gani, na serikali ya mji ikaenda mahakamani kuzuia takwimu zisitoke, kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Zilipotolewa mwishoni mwa 2022, ilibainika kwamba mwaka 2021 vituo hivyo vilitumia lita bilioni 1.3 hivi, zaidi ya robo ya maji yote ya mji. Kwa upande mwingine, ripoti ile ya Virginia iligundua kwamba vituo vingi havitumii maji zaidi ya jengo kubwa la ofisi, huku vichache vikitumia kupita kiasi. Tofauti iko kwenye namna ya kupoza, na namna hiyo iandikwe ndani ya kibali, isiachwe kwenye hotuba. Najua mkazi wa Kihoto, ambaye Ziwa Naivasha limemfuata hadi sebuleni, atacheka akisikia habari za uhaba wa maji. Hata hivyo mafuriko ya ziwa hayajawahi kujaza bomba la mfugaji wa Olkaria.

Wafugaji hao wana sababu ya kuwa na wasiwasi. Familia za Wamaasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa Olkaria IV zililalamika kuhusu makazi mapya na hati za ardhi hadi malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ndipo upatanisho ukafanyika. Safari hii msisubiri mhamishwe kwanza. Ombeni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na mkinyimwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inawapa haki ya kudai kwa maandishi. Ulizeni lita kwa siku wakati wa kiangazi, megawati kwa kila awamu, idadi ya jenereta, na ajira za kudumu zikitengwa na zile za ujenzi.

Swali: Natoka Mombasa, naishi karibu na Manassas, kaunti ya Prince William, Virginia. Bili ya umeme inapanda na majirani wanalaumu vituo vya data. Je, ni kweli? Na mimi nisiye raia nina haki ya kusema chochote? — Msomaji, Manassas

Jibu: Ni kweli nusu. Ripoti ya JLARC ilisema kwamba hadi wakati huo vituo vilikuwa vikilipa gharama zao, lakini mahitaji yao yatalazimisha ujenzi wa mitambo na nyaya mpya ambao huenda ukampandishia bei kila mteja. Mnamo Novemba 2025 tume ya jimbo inayosimamia bei za umeme iliunda daraja jipya la wateja wa kampuni ya umeme ya Dominion wanaotumia megawati 25 au zaidi: kuanzia Januari 2027 watafungwa kwa mikataba ya miaka 14, wakilipa angalau asilimia 85 ya gharama za usafirishaji na usambazaji wa umeme walioomba na asilimia 60 ya zile za uzalishaji wake, watumie wasitumie.

Kuhusu haki, kura huna, lakini kikao cha kusikiliza maoni hakiulizi pasipoti. Tena unaishi mahali ambapo jambo dogo liliangusha mradi mkubwa. Desemba 2023, baada ya kikao kilichozidi saa 24, bodi ya kaunti yenu iliidhinisha ekari zaidi ya 2,000 karibu na uwanja wa vita wa Manassas zigeuzwe kuwa za vituo vya data. Mwezi Agosti 2025 jaji aliubatilisha uamuzi huo kwa sababu matangazo ya kikao hayakuchapishwa gazetini kama sheria inavyotaka. Tangazo la gazetini, ukurasa ambao wengi wetu tunafungia maandazi! Soma matangazo hayo, na weka tarehe zake.

Swali: Tukivikataa vituo hivi, taarifa zetu za benki na hospitali si zitaendelea kuhifadhiwa ng'ambo? — Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Hapana, kwa sababu ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Kuhifadhi taarifa za wananchi ni kazi ya kituo cha kiasi, kama kile cha serikali kilichopo Kijitonyama, ambacho jirani anaweza kukipita kila siku asijue kilipo. Vile vinavyozua mjadala ni vya mamia ya megawati, vinavyojengwa hasa kwa ajili ya akili bandia, na wateja wake wanaweza kuwa popote ambako nyaya za baharini zinazotua Mombasa na Dar es Salaam zinafika. Mtu anaweza kukikaribisha cha kwanza na kukidai cha pili maelezo. Ukiletewa maombi ya kibali ambayo hayataji megawati, yarudishe yakajazwe.