Meno bandia yanacheza mdomoni, nifanyeje?

SWALI: Habari daktari, mimi ni mama wa miaka 61 hapa Kondele, Kisumu. Niliwekewa meno bandia ya chini miaka 6 iliyopita na siku hizi yanacheza tu, mahindi choma niliacha, hata kwa chama nikicheka nafunika mdomo na leso. Ni uzee ama?

JIBU: Pole sana mama, hiyo ya leso imeniuma kweli. Si uzee peke yake. Jino likishatoka, mfupa uliolishika huanza kuisha polepole, sasa ufizi unashuka na meno yanabaki vile yalitengenezwa, lazima yacheze, na ya chini ndio husumbua zaidi juu ulimi unayasukuma kila saa. Tafadhali usiyabandike na gundi ya duka. Rudi kwa daktari wa meno ayajaze kwa ndani yakae sawa na ufizi wako wa leo, ama akutengenezee mengine. Usiku yatoe, yasugue na brashi laini uyaloweke kwa maji baridi, ya moto huyapinda. Kidonda kikikaa zaidi ya wiki 2 usingoje, enda uangaliwe. Kwa sasa tafuna pande zote mbili pamoja, ugali na samaki hazina shida.